Rangi inavuja, picha imepinda: tatizo ni vifaa au ni mkono?

*"Shikamoo mtaalamu. Ni miezi kadhaa sasa najifunza grafiti kwa rangi ya kupuliza. Nachora majina kwenye vipande vya plaiwudi na kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, ambao baba ameniruhusu. Mistari minene inatoka vizuri kiasi, ila nikitaka mstari mwembamba nasogeza kopo karibu, naenda taratibu nisije nikakosea, na rangi inavuja kila mara. Nikirudi nyuma ili isivuje, inatoka vumbi. Rafiki yangu anasema makopo yangu ni ya kupakia vyuma, ninunue ya wasanii. Kazi nikiipiga picha kwa simu inaonekana imepinda na rangi zimepauka, na wapo wanaosema bila kamera kubwa ni kazi bure. Halafu nikimaliza kichwa huniuma, ingawa huwa nafunga barakoa ya kitambaa. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na hilo uliloliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Kichwa kuuma ndiyo kazi ya kwanza kurekebisha, kabla hujabonyeza kopo tena.

Ndani ya kopo mna vitu vinne: unga wa rangi, resini ya kuushikisha ukutani, kimiminika cha kuyeyusha hiyo resini (jamii ya thina), na gesi iliyogandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Ukipuliza, chembe za rangi ni sehemu tu ya kinachotoka. Kilichobaki ni mvuke. Kitambaa hunasa chembe kubwa, ndiyo maana ukikivua unakuta kimeloa rangi na unaridhika kwamba kimekulinda. Mvuke umeshapita zamani. Kukilowesha maji hakusaidii, na barakoa za hospitali nazo ni hivyohivyo, kwa sababu hazikutengenezwa kwa kemikali.

Unayohitaji ni barakoa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke na kichujio cha chembe juu yake. Zenye alama za Ulaya huandikwa A2P2 au A2P3. Za Marekani huandikwa OV pamoja na P100. Ndevu, hata za siku mbili tatu, huacha upenyo pembeni. Ukisikia harufu ya rangi ukiwa umeivaa, ama haijabana ama mkaa umekwisha. Ukimaliza kazi fungia vichujio kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana mkaa unaendelea kufyonza hata ukiwa umetundikwa msumarini. Kama pesa zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hiyo barakoa, makopo yasubiri.

Fanya kazi nje, upepo ukikupitia ubavuni. Wengi husimama upepo ukiwa mgongoni wakidhani ndio salama, kumbe hewa ikigonga mgongo huzunguka mbele ya kifua na kukurudishia ukungu usoni. Gesi ya makopo mengi ni nzito kuliko hewa na inawaka, hivyo hutuama chini na kusubiri cheche. Pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Maumivu ya kichwa yanayoisha upesi ukipata hewa safi ni onyo. Kifua kikibana, ukianza kupumua kwa mluzi, ukipepesuka, ukitapika, au maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, nenda hospitali na ubebe kopo lenyewe ili daktari asome viambato. Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 huku kope zimeshikwa wazi, kisha nenda ukaangaliwe hata kama jicho limetulia. Na kama una pumu, zungumza na daktari wako kwanza. Hilo siwezi kukuamulia kwa maandishi.

Sasa mistari. Jibu lako umelibeba mwenyewe ndani ya swali: "nasogeza kopo karibu, naenda taratibu". Hapo ndipo panapovuja.

Rangi hutoka kwenye tundu kwa umbo la koni. Karibu na tundu koni ni nyembamba, na kadiri inavyosafiri ndivyo inavyotanuka. Lakini kiasi cha rangi kinachotoka kwa sekunde hakibadiliki kwa sababu tu umesogea. Ukipunguza umbali kwa nusu, upana wa mstari nao unapungua kwa nusu, na rangi ileile iliyokuwa itandazwe kwenye upana wote inarundikana kwenye nusu yake. Unene wake umekuwa maradufu. Ukipunguza na mwendo wa mkono kwa nusu, kama unavyofanya wewe kwa kuogopa kukosea, unene unakuwa mara nne. Ukuta una kiwango cha rangi mbichi unachoweza kushika. Ikizidi hapo, uzito unaishinda na inateremka.

Kwa hiyo karibu ni haraka, mbali ni taratibu. Najua mkono utakataa. Mwili unataka kupunguza mwendo pale ambapo usahihi unahitajika, kama ulivyozoea kwa kalamu, na kalamu haimwagi wino kwa kipimo cha muda. Kopo linamwaga. Ndiyo maana wachoraji waliokomaa wanapiga mstari mwembamba kwa pigo moja la haraka, kopo likiwa karibu kugusa ukuta, halafu kama haukutoka safi wanaukata pembeni kwa rangi ya usuli, yaani ile ya nyuma ya herufi. Ile ncha kali unayoiona kwenye kazi zao mara nyingi haikutoka hivyo mara ya kwanza: mstari ulipigwa mnene, kisha usuli ukapitishwa kando yake kuunyoa. Kwa hiyo usiimalize rangi ya usuli kwenye kujaza. Bakiza.

Vumbi nalo lina sababu yake. Ukiwa mbali, matone madogo ya ukingoni mwa koni yanakauka yakiwa bado hewani na kufika ukutani yakiwa punje. Pitisha kiganja hapo baada ya kukauka, utasikia kama msasa. Kwa kujaza eneo kubwa umbali wa shibiri moja unatosha. Kwa mstari, kuanzia vidole viwili hadi vinne.

Zoezi lenyewe ni hili. Pasua boksi kubwa ulisimamishe wima. Usililaze chini, kwa sababu chini rangi haivuji na utajidanganya. Piga mistari mirefu ya mlalo kwa umbali wa vidole viwili, kisha vidole vinne, kisha shibiri, na kila umbali uufanye kwa mwendo wa aina tatu. Andika kando ya kila mstari ulichofanya. Baada ya boksi mbili tatu utakuwa na jedwali lako mwenyewe la kopo lile na kichwa kile (kitufe cha juu kinachotoa rangi), na hilo linakufaa kuliko namba zozote nitakazokupa mimi.

Tazama na ncha za mistari hiyo. Zikiwa na vichwa kama njiti za kiberiti, maana yake unabonyeza mkono ukiwa umesimama. Anza kutembeza mkono kwanza, bonyeza ukiwa tayari kwenye mwendo, achia kabla hujasimama. Ukiona mstari ni mkali katikati lakini umetanuka na kupauka pande zote mbili, basi unazungusha kiwiko au kifundo cha mkono: kopo linachora tao, likiwa karibu katikati na mbali mwishoni. Mwendo utoke begani, na kwa mistari mirefu utoke miguuni. Tembea na mstari.

Mengine ya kopo niyapitie haraka. Tikisa mpaka usikie gololi inagonga, kisha endelea kama dakika mbili, kwa sababu unga wa rangi hutuama chini na wenye haraka hupuliza maji yenye rangi. Kopo likipoa mkononi na mstari ukaanza kudhoofika, halijaisha: gesi inapochemka kutoka kimiminika huchukua joto la kopo, na kopo likipoa mgandamizo unashuka. Lipumzishe, shika lingine. Usilipashe kwenye maji ya moto wala kuliacha juani, kwani makopo hayatakiwi kuzidi nyuzi 50 za Selsiasi. Ukimaliza, ligeuze juu chini upulize mpaka itoke gesi tupu, la sivyo tundu litaziba. Na rangi ikivuja, iache. Ukiifuta mbichi unaongeza doa, ikikauka unaifunika.

Kuhusu rafiki yako, ana nusu ya ukweli. Kopo la rangi ya kupuliza lilibuniwa na Edward Seymour huko Illinois, Marekani, mwaka 1949, na alikuwa anatafuta namna ya kupulizia rangi ya alumini kwenye vyuma vya kupasha joto nyumbani. Hakuwa na habari za mistari. Makopo ya kawaida yamerithi kazi hiyo: mgandamizo mkubwa, kichwa kimoja chenye mtawanyo mpana, rangi ya kufunika. Vijana wa New York wa miaka ya 1970 waliyatumia hayohayo, na walipotaka mstari mnene zaidi walichomoa vichwa vya makopo ya bidhaa nyingine za nyumbani na kuvichomeka kwenye ya rangi. Makopo yanayotengenezwa kwa ajili ya wachoraji yalikuja baadaye. Mengi yana mgandamizo mdogo unaokupa nafasi ya kufikiri, rangi inayofunika vizuri, na vichwa vya kubadilisha, vyembamba na vinene.

Ushauri wangu: usihame makopo kwa sasa. Nunua vichwa vyembamba vichache vinavyoingia kwenye aina ya kopo ulilonalo, na uhakikishe kwanza, kwa kuwa kuna makopo yenye kijiti kinachochomoza na mengine yenye tundu, na vichwa vyake haviingiliani. Kichwa chembamba kinapunguza kiasi kinachotoka kwa sekunde, na hapo unapata muda zaidi kabla ya rangi kuvuja. Ukishafika mahali boksi zako hazivuji kwa kopo la vyuma, kopo la wasanii litakuwa raha. Ukilinunua leo litavuja vilevile, ila kwa gharama kubwa. Kitu kimoja tu nikukataze: usichanganye aina za rangi kiholela kwenye kazi moja. Kiyeyushi cha rangi mpya kikikuta rangi ya chini haijaiva, kinaivimbisha na kuikunja ngozi. Maelezo ya muda wa kupaka mkono wa pili yako kwenye kopo, yasome.

Ukuta wa saruji usiopakwa chochote unanyonya rangi ya kwanza yote. Usugue vumbi, upake rangi ya maji ya nje kwa rola, usubiri ukauke, ndipo uchore. Ukiona maji yanapanda kutoka chini au plasta inamomonyoka, hilo ni la fundi ujenzi, rangi haitalitibu. Na siku utakapotaka ukuta usio wa baba, pata ruhusa ya mwenye ukuta kwa maandishi. Anayepanga si mwenye ukuta.

Sasa nikupe zoezi ninalolipenda kuliko yote, nalo linaunganisha maswali yako mawili: kuchora kwa mwanga. Mwaka uleule wa 1949 mpiga picha Gjon Mili alimwendea mchoraji Picasso kusini mwa Ufaransa akampa taa ndogo, Picasso akachora hewani gizani, na kamera iliyoachwa wazi ikaukusanya mstari wote kwenye picha moja. Simu nyingi za leo zinaweza. Tafuta mpangilio wa kurekebisha kwa mkono, au programu inayouruhusu. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini kabisa, lenzi ibaki wazi sekunde 8 au 10, simu isimame kwenye stendi au ibanwe kati ya vitabu. Zima taa za chumba. Funika tochi ndogo kwa karatasi nyeusi yenye tundu, ielekeze kwenye lenzi, andika jina lako hewani kwa ukubwa uleule wa ukutani.

Halafu angalia picha. Pale mkono ulipopunguza mwendo mwanga umerundikana, mstari umenenepa na kuwa mweupe. Pale ulipokimbia, ni mwembamba na hafifu. Ni hesabu ileile ya rangi: kinachomwagika kwa sekunde, ukigawa kwa mwendo. Picha hiyo inakuonyesha mahali hasa ambapo jina lako lingevuja ukutani, bila harufu na bila kumaliza kopo. Karibu kila anayeanza hukuta mabaka meupe kwenye pembe za herufi, kwa sababu huko ndiko mkono unakosimama kufikiri wapi pa kwenda. Rudia mpaka mwanga uwe sawa kwenye pembe, kisha nenda ukutani. Na usidhani ni mazoezi tu. Ukichanganya tochi za rangi, na mtu aliyetulia kimya mbele ya mchoro wako halisi, unapata picha ambayo haikuhitaji kamera kubwa.

Tukija kwenye picha za kawaida, kupinda kwake si ubovu wa simu. Lenzi kuu ya simu huona upana mkubwa, kwa hiyo ukisimama karibu pembe za picha zinavutika. Ukiinamisha simu kutazama juu, ukuta unaonekana kusinyaa kuelekea juu. Rudi nyuma, tumia ukuzaji wa mara mbili, simu iwe kwenye usawa wa katikati ya mchoro hata ikibidi upande kigoda, na uwashe ile gridi ya skrini ili kingo za plaiwudi zilingane na mistari yake. Dakika moja ya kuhangaika hapo inakuokoa na marekebisho ya baadaye.

Rangi kupauka kuna sababu tatu, na ningezikagua kwa mpangilio huu. Kwanza lenzi chafu. Kama simu huwa mfukoni au kwenye benchi wakati unapuliza, ukungu umeifikia. Ielekeze kwenye taa, na ukiona utandu unaozunguka mwanga umepata jibu. Mafuta ya vidole yatatoka kwa kitambaa laini. Rangi iliyokaukia huenda isitoke, na thina usiijaribu kwenye lenzi, itaharibu utando wake. Toka sasa simu ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka umalize. Pili, simu yenyewe hupima mwangaza ikidhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Ukuta mwingi mweusi inaupandisha mpaka weusi unafifia. Mwingi mweupe inauzamisha. Gusa skrini kwenye mchoro, shikilia mpaka ijifunge, kisha teremsha kidole kidogo kidogo mpaka weusi urudi kuwa weusi. Tatu ni jua la moja kwa moja linalometameta kwenye rangi yenye mng'ao. Siku ya mawingu, au ukuta mzima ukiwa kivulini, rangi hutulia. Ukuta wenye nusu jua nusu kivuli uache, rudi saa nyingine. Rangi ya fedha ni mtihani wa pekee kwa sababu hurudisha kila kinachoikabili, hata shati lako. Sogea pembeni kidogo mpaka irudishe anga.

Ukitaka kujifunza macho zaidi ya mbinu, watazame watu wawili waliopiga picha treni za New York zilizochorwa, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Henry Chalfant, ambaye alikuwa mchongaji, alisimama kwenye jukwaa la stesheni na kupiga behewa vipande vipande akisogea pembeni, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia, kisha akaziunganisha zikawa behewa zima lililonyooka. Martha Cooper alitaka treni ikiwa mjini: majengo nyuma yake, anga, watu. Cha Chalfant kinakuonyesha herufi, cha Cooper kinakuonyesha maisha ya hizo herufi. Wewe piga vyote viwili kwa kila kazi. Ukuta mrefu usiupige kwa kuzunguka ulipo; tembea hatua moja moja sambamba nao, piga, kisha unganisha.

Picha ya mtu akipuliza inapendeza jua likiwa nyuma ya ukungu na mandhari ya nyuma yakiwa meusi, kwa sababu ukungu unaonekana tu ukiwaka dhidi ya giza. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi, iwe sekunde 1/1000 ukitaka kuona ukungu umetulia hewani, au 1/30 ukitaka mkono uwe kivuli cha mwendo. Mpigaji asimame upande upepo unakotoka, na yeye pia avae barakoa yake.

Kamera kubwa iache kwanza. Itakusaidia utakapotaka kuchapisha picha kubwa, kupiga usiku kwa usafi zaidi, au kubadilisha lenzi. Hakuna hata moja kati ya matatizo uliyoniandikia ambalo ingeliondoa.

Kuna jambo moja ambalo maandishi hayawezi: kukuona. Kama baada ya wiki kadhaa za boksi na tochi mstari mwembamba bado unakushinda, tafuta mchoraji mzoefu mkutane ana kwa ana. Usimwonyeshe kazi iliyomalizika. Atasifu rangi na kuondoka. Mwombe asimame nyuma yako ukipiga mistari kumi kwenye boksi, atazame bega na miguu, na umpelekee zile picha zako za mwanga gizani.